Meli Iliyotangulia Mbele ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa fundi wa injini za trekta hapa Kitale kabla ya kuajiriwa kwenye meli ya kubeba ngano. Vita vilipozuka huko ng'ambo, meli yao ikalazimika kupita katika bahari iliyotegwa mabomu. Alinipigia simu mchana, nikiwa dukani kwangu napima mbolea.

"Dada, usimwambie mama. Mbele yetu kuna meli ndogo ya wanajeshi, kazi yake ni kufagia mabomu majini. Sisi tunafuata palepale ilipopita."

"Na ikikosa moja?"

"Si ndiyo maana wametukataza kukaa chini kwa injini. Wote tuko juu na majaketi ya kuelea. Hakuna mtu anaongea, bana."

Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Jumamosi nilienda kwetu Kabuchai, Bungoma, kumsaidia mama kupukuchua mahindi. Akaniuliza habari za mwanawe. Nikasema mtandao wa baharini ni mbovu.

"Tangu ufike hujanitazama usoni," alisema.

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliichukua simu yangu, akaiweka mapajani, akakaa hivyo hadi jioni. Kuku wakavamia mahindi na hakuna aliyewafukuza.

Jumatatu kaka alipiga, sauti imemkauka. Ile meli ndogo ilikuwa imelipuka.

"Ilitegua mabomu siku mbili nzima, Dada. Lililoimaliza lilikuwa kwenye njia yetu sisi. Maji yaliinuka juu, halafu ndiyo tukasikia mlio. Tuliwavuta mabaharia wachache. Mmoja alinishika mkono, na hata alipokata roho vidole vyake havikuachia."

Mwezi uliofuata alirudi nyumbani. Mama alimchinjia jogoo, lakini alikula matonge mawili tu, akanawa. Mlango ukibamizwa na upepo, alikuwa anasimama kabla hajajua amesimama.

Kisha ajenti aliyemtafutia kazi ya meli akampigia.

"Wamepata meli nyingine ya kufagia," kaka alitueleza. "Ngano bado iko kule."

Nilimsihi abaki. Mama alimuuliza jambo moja tu: "Hao wa meli ya mbele, mama zao wanajua?"

"Wengine wanajua."

"Basi nitaanza kuwaombea hao. Wewe utafuata."

Aliondoka Bungoma Jumanne asubuhi kurudi melini. Mama hakutoka nje kumsindikiza; alikuwa ndani akiwaombea wale wa meli ya mbele.