Sidii za Mpungani

Damiano hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake aliumalizia relini, katika genge la kutengeneza njia pale Munisagara, na kazi ile haitaki maneno. Nyundo ikisema, mtu ananyamaza. Alizaliwa Kimamba, kwenye kambi ya mkonge, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka mbali na hakurudi kwao tena. Darasani hakuingia. Jina lake alijifunza kuliandika alipoanza kupokea mshahara, na hata uzeeni akiliandika, herufi zilikaa kama watu waliogombana.

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Letisia. Yeye alikuwa mtu wa Vidunda, mlimani, ambako watu huitana kutoka kilima hiki hadi kile na aliyeitwa akasikia. Sauti hiyo alishuka nayo kama mwingine anavyoshuka na kitanda cha harusi. Kusoma pia alishuka nako.

Walipozeeka walihamia Mikumi, wakapata kipande cha mpunga bondeni, chini ya nyumba. Kila mchana, saa saba, Letisia alisimama nyuma ya jiko, akaweka kiganja mdomoni, akaita, "Baba Vaileeeth. Chakulaaa."

Damiano hakujibu hapo hapo. Alimaliza kwanza mstari aliokuwa akiupalilia. Kisha alinyoosha mgongo, akaitika, "Eeee. Nakuja."

Ilikuwa hivyo miaka yote. Alichelewa, lakini aliitika.

Asubuhi Letisia aliuza vitumbua kando ya barabara kuu, malori yanapopumzika. Ubavuni mwa meza yake palikuwa na banda la video la Ditram. Ditram alikuwa anatafsiri picha za kigeni. Alikuwa anapunguza sauti ya wenyewe, anashika kipaza sauti, anasema yeye: mzee yeye, mtoto yeye, mwanamke yeye, hata mbwa yeye. Mto wa Ulaya aliuita Mkondoa. Jambazi akikimbia, Ditram alisema amekimbilia Kidodi kujificha kwenye miwa. Watu walikuwa wanacheka mpaka benchi linavunjika.

Siku moja ikamfikia picha ya katuni, ya familia ya mashujaa. Baba wa familia ile aliweza kuzuia mafuriko kwa kifua. Mama alikuwa anadaka radi kama mtu anavyodaka embe. Watoto walipita ukutani. Bibi yao hakuwa na nguvu yoyote ila moja: akimwita mtu wa damu yake, mtu huyo atasikia hata kama yuko upande wa pili wa dunia, na atarudi. Ditram akajaribu sauti ya huyo bibi siku mbili. Kila akijaribu, watu walimwambia bibi huyu ana ndevu.

Akatoka nje, akamkuta Letisia anapuliza moto.

"Mama, weka kijiko chini. Njoo uwe shujaa."

"Shujaa wa vitumbua nimeshakuwa," Letisia akasema. Lakini alikwenda.

Picha ile ilipendwa. Ditram akaitoa kwenye sidii, watu wakanunua wakaangalie majumbani, na moja akampa Letisia. Kwa miezi mingi madereva wa malori walimwita Bibi Mwito, na yeye aliwajibu kwamba wasiponunua atawaita kwa majina yao mbele za wake zao.

Damiano aliiona mara moja, pale bandani, siku ya kwanza. Alikaa benchi la nyuma na jembe lake. Mkewe alipoita ndani ya katuni, alitazama chini, maana aliona aibu, kama vile watu wote wamesikia jambo la nyumbani kwake. Picha ikaisha. Majina yakaanza kupanda. Akainuka.

Letisia akamshika mkono. "Kaa kidogo, Baba Vaileth. Kuna nyongeza mwishoni."

"Picha imekwisha. Majina mimi sisomi."

"Si majina. Kaa uone."

"Mbuzi hawajanywa maji," akasema, akatoka.

Letisia hakumwambia tena. Na Damiano hakuuliza.

Baadaye watu wakawa wanatazama picha kwenye simu. Ditram akafunga banda, akahamia Kilosa mjini, karibu na stesheni. Sidii zilizobaki alimwachia Letisia kwenye boksi, maana hakuna aliyezitaka.

Letisia alifariki mwezi wa kumi na mbili, kwa homa ya siku nne. Alizikwa, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao. Damiano akabaki na nyumba. Mchana hakuna aliyemwita, basi alikuwa anapanda nyumbani saa nane, siku nyingine saa kumi, siku nyingine jua likizama. Njaa haikumwambia saa.

Mwezi wa tatu mpunga ukaanza kutoa masuke, na kweleakwelea wakaja. Ndege hawa wakikuta shamba halina mtu wa kuwaamia, wanalimaliza kwa asubuhi mbili. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Letisia. Alikuwa anasimama juu ya tuta, anapiga ukelele mmoja, wingu zima la ndege linahama kwenda kwa jirani. Damiano sauti hiyo hakuwa nayo. Akakumbuka kwamba watu hutundika sidii mashambani. Zinageuka kwa upepo, zinamulika, ndege wanaogopa.

Akalitoa boksi chini ya kitanda. Zilikuwamo sidii kumi na tisa. Moja ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na juu yake pana maandishi ya kalamu. Akaigeuza. Maandishi kwake yalikuwa kama njia ya siafu. Kitenge akakichana vipande vyembamba, vikawa kamba. Akazitundika zote kumi na tisa kwenye vijiti, siku moja, peke yake, na alipomaliza alijisikia amefanya kazi nzuri.

Yudith, jirani wa shamba na mtani wake, akasimama mpakani na mikono kiunoni.

"Mzee, umefungua disko? Utawatoza ndege kiingilio?"

"Wewe mtani, wako wataingia bure."

Ndiyo siku ya kwanza kutania tangu msiba. Yudith alienda zake anacheka, akawaambia watu kwamba mzee anapona.

Wiki tatu sidii zile zilipigwa jua na mvua.

Pasaka ikamleta Vaileth, binti yao, anayefanya kazi Morogoro. Alipika, akafua, akafagia mpaka nyuma ya choo. Halafu akainama chini ya kitanda, akatoka na boksi tupu.

"Baba, sidii ya mama iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile ya mashujaa. Alikuwa ameifunga na kitenge chake cha bluu."

Damiano aligeuza shingo. Alitazama bondeni. Vaileth naye akatazama, akaona vitu vinametameta juu ya mpunga, na kitambaa cha bluu kinapepea kwenye kila kijiti.

"Aliandika juu yake, baba. Aliandika *Hii ni yangu, isitoke*."

"Niliona ameandika," Damiano akasema.

Walishuka wote wawili. Wino ulikuwa umekwisha kwenda na mvua. Sidii zote kumi na tisa zilikuwa nyeupe na zenye mikwaruzo, na hata Vaileth, aliyesoma mpaka chuo, hakuweza kuitambua. Alikaa juu ya tuta akalia, bila sauti kubwa.

"Picha yenyewe naweza kuitafuta kwa watu," akasema. "Ni ile nyongeza. Mama aliniambia kwenye simu, alicheka sana. Alisema Ditram alimrekodi wakati wanafanya makosa, akayaweka mwishoni. Anaonekana mwenyewe, baba, siyo katuni. Ziko nyongeza kwenye sidii za mwanzo tu, zile chache. Mimi sina hata video yake moja. Picha za simu hazisemi."

"Alisema nini humo?"

"Hakuniambia. Alisema, 'Baba yako nilimwambia akae, akaenda kunywesha mbuzi.'"

Vaileth alirudi kazini siku ya pili. Damiano akazifungua sidii moja moja, akazifunga kwenye kanga ya Letisia, akapanda basi la Kilosa. Mavumbi yakamfunika, hakuyapangusa. Mzigo aliupakata.

Duka la Ditram sasa lilikuwa la kuchaji simu na kuweka nyimbo kwenye flashi. Alipomwona mzee mlangoni, alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole, mzee. Msiba ulinifikia nikiwa Dar. Sikuja. Naona aibu."

"Una deki?"

Deki ilikuwapo, juu ya kabati, imefunikwa gazeti. Ditram aliishusha, akaipuliza vumbi, akaiunganisha na luninga ya dukani. Mzigo ulipofunguliwa, aliona vipande vya kitenge bado vimening'inia kwenye matundu, lakini hakuuliza.

Wakaanza. Ya kwanza haikusoma. Ya pili ilikuwa kwaya. Ya tatu watu wanapigana mateke. Ya nne haikusoma, ya tano haikusoma. Ya sita ilikuwa harusi ya watu wa Berega, na bibi harusi amekwama mdomo wazi. Kila moja ilipotoka, Ditram aliipangusa kwa shati lake na kuiweka pembeni kwa adabu, kama mtu anayepanga viatu msikitini.

Ya kumi na tatu ikaonyesha mlima, na mvua, na mwanaume wa katuni amesimama katikati ya mto.

"Ndiyo hii," Ditram akasema kwa sauti ndogo. "Mzee, imechoka sana. Nisipoteze muda kwenye muvi. Niende moja kwa moja kwenye nyongeza?"

"Nenda."

Akabonyeza rimoti. Kioo kikawa cheusi. Kikakaa hivyo muda mrefu. Halafu Letisia akawa amekaa mbele yao, juu ya kreti la soda, unga umemganda mkononi, karatasi magotini.

Damiano alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu, rudi nyumbani," Letisia alisoma kwenye karatasi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Sauti ya Ditram ikasikika, yeye haonekani. "Mama, kwa mwito huo hata kuku harudi."

Letisia akacheka. Alicheka kwa mabega, kama alivyocheka siku zote. "Wewe Ditram una wazimu. Nitamwitaje mtu nisiyemjua?"

"Basi mwite unayemjua."

Akaiweka karatasi chini. Akageukia mlango wa banda, upande wa bondeni. Akaweka kiganja mdomoni.

"Baba Vaileeeth. Chakulaaa."

Pale dukani, mteja aliyekuwa anangoja simu yake aliinua kichwa. Ndani ya kioo, Letisia alishusha mkono, akabaki ameinamisha sikio.

"Mbona kimya?" Ditram wa kiooni akauliza. "Mzee amekukataa leo."

"Ngoja. Ana mstari anaumaliza."

"Kutoka huku atasikia?"

"Ngoja, nimekwambia. Huyo huchelewa, lakini ataitika. Hajawahi ku..."

Picha ikaganda. Uso wake ukakatika vipande vya mraba, sikio lake likabaki limeelekea mlangoni. Kisha kioo kikawa cheusi.

Damiano alikuwa amefungua mdomo. Mteja alikuwa anamtazama, na Ditram alikuwa anamtazama. Akaufunga.

"Rudisha," akasema.

Ditram akarudisha. Deki ikanguruma, ikanyamaza. Akaitoa sidii, akaipangusa. Akaipaka dawa ya meno, akaisugua taratibu kwa pamba, akaisuuza kwa maji ya kunywa. Akajaribu tena, na tena. Akapiga simu kwa mtu mwenye kompyuta, yule mtu akaja, naye akajaribu kwa mashine yake. Ilikuwa inazunguka tu.

"Ile mara moja ilikuwa bahati, mzee," Ditram akasema hatimaye. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nakala yangu iliibiwa pamoja na kompyuta. Nisamehe."

"Wewe hukuitundika juani," Damiano akasema.

Akachukua vile vipande vya kitenge, akavifunga kimoja kwa kingine mpaka kikawa kitambaa kibaya chenye mafundo, akaifunga ile sidii ndani yake. Zile kumi na nane akazichukua pia. Ndege hawajui msiba.

Asubuhi ya pili alizirudisha shambani. Kijiti cha kumi na tisa alikiacha kitupu, na upande ule ndege wakawa wanashuka. Akasimama hapo yeye mwenyewe na kopo la mawe, akilitikisa. Yudith alipofika mpakani aliliona pengo.

"Mtani, disko lako limepungua taa moja."

"Ndiyo."

Yudith alingoja neno la pili. Hakulipata, akaenda kwenye mpunga wake.

Jua likapanda mpaka likawa utosini. Ndege walipotulia, Damiano alishika jembe, akapalilia mstari uliokuwa na nyasi. Hakuinua kichwa mpaka alipoufikisha mwisho. Hapo akanyoosha mgongo, akatazama juu, kwenye nyumba. Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu, wala moshi.

"Eeee," akaitika. "Nakuja."

Sauti haikuwa kubwa, lakini bonde lilikuwa kimya. Yudith aliinuka kutoka kwenye mpunga wake. Mtani yule, ambaye hata kaburini hukosi neno lake, alimtazama mzee akipanda kilima na jembe begani, kisha akainama, akaendelea na kazi.

Damiano alifika jikoni. Akachukua kuni, akawasha moto, akateleka ugali wa mtu mmoja. Ilikuwa saa saba kamili.