Bwawa Lililogeuka Malisho

Sisi tuliokulia Kibera upande wa Silanga, miaka ile ya tisini, tulikuwa na ziwa letu wenyewe. Watoto wetu wakisikia hivyo hucheka. Lakini mliokuwako mnajua: ukishamaliza ule mteremko wa mabati na mifereji, ghafla mbele yako palikuwa na maji mapana yanayong'aa. Tuliyaita Dam, basi. Jumapili wenye pesa walikuja na mashua zao ndogo upande wa pili, nasi tukitoka kanisani tuliketi ukingoni na magauni yetu ya lesi, tukitafuna miwa na kubishana ni mashua gani itatangulia. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, tukaruka bladda, ile kamba ya mipira, mpaka viatu vikakatika. Mama akiita kutoka juu, kila mmoja alijifanya anayeita ni mama wa mwenzake.

Watoto wa siku hizi wanalipia kuogelea kwenye maji yenye dawa, na bado wanaogopa kulowesha nywele.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mwende. Baba yake, fundi wa mawe kutoka Kitui, alipanga nyumba ya pili kutoka yetu na kufuga mbuzi wachache nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Siku Mwende alipoletwa Nairobi nilimpeleka Dam. Akaniuliza, "Akinyi, haya maji yote ni ya nani?" Kwao, maji hayakosi mwenyewe.

Ni yeye aliyeliona lile ua kwanza. Sijui liliingiaje Dam, na sijawahi kukutana na anayejua. Lilielea pale mfereji wa mtaa ulipomwaga uchafu: majani ya kijani yanayong'aa, vikonyo vimevimba kama vitunguu, na juu yake ua la zambarau. Kibera nzima hakukuwa na kitu kizuri hivyo. Mwende alilitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akamletea Mama zawadi.

Mama alikuwa akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, za kuuza. Alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, na samaki ndio waliotulisha. Alipouona mkebe, mikono yake ilisimama.

"Mmetoa wapi hiyo?"

"Dam, mama Akinyi," Mwende akajibu.

"Kumbe imefika hadi huku." Alisema polepole, kama anayetaja mtu. Akalitupa ua kwenye jiko, nalo likachemka na kulia kabla ya kuungua. "Ni gugumaji hiyo, imefunika ziwa letu kule kwetu. Mashua ya baba yangu ilikwama ndani yake kama mwiko kwenye ugali. Msiilete tena nyumbani."

Tulidhani ni mambo ya wazee. Lakini asubuhi moja tulikuta kipande kikubwa cha kijani upande wetu. Jioni kilikuwa ng'ambo. Kesho yake kikarudi, kimenenepa. Kilitembea na upepo hivyo wiki baada ya wiki, hadi siku tulipoamka tukakuta kimeacha kutembea, maana hapakubaki pa kwenda. Mashua hazikuja tena. Vyura, ambao kelele zao tulizilaani tangu tuzaliwe, walinyamaza mara moja, na nakumbuka majirani wakitoka milangoni wakitazamana, hakuna aliyejua anasikiliza nini.

Ikawa Jumamosi moja baada ya mvua. Mbuzi wa kina Mwende alishuka ukingoni, akaona majani mabichi, akaingia. Hakuzama! Alitembea juu ya maji, akila, na sisi tukapiga makofi. Mwende akamfuata kumrudisha. Nilimwona akipiga hatua, na kila alipokanyaga, kijani chote kilipanda na kushuka hadi mbali, kama blanketi juu ya mtu anayepumua.

Kisha mbuzi hakuwapo. Hakulia hata kidogo. Majani yakajifunga pale alipokuwa.

Mwende aligeuka, macho yamemtoka. "Akinyi, inasonga." Akadidimia hadi kiunoni.

Nilipiga mayowe. Mama alikuwa juu kidogo akiosha magunia. Alishuka mbio, njiani akang'oa mlango wa bati wa bafu la ploti, akautupa juu ya majani na kulala juu yake kifudifudi. "Usipige mateke! Lala, Mwende! Lala kama uko kitandani!" Wanawake waliomfuata wakavua leso zao viunoni, wakazifunga pamoja, wakampa Mama ncha moja. Alitambaa mpaka akamfikia, akamfunga leso kwapani, wakavutwa wote wawili.

Mwende alitoka mweusi kwa tope kuanzia kiunoni kwenda chini, mizizi imemzunguka miguu kama nywele ndefu zilizolowa. Hakulia. Alisema tu, "Kuna wengi huko chini. Wamenishika miguu. Hawavuti, wameshika tu."

"Hakuna mtu. Ni mizizi," Mama akamwambia, akimfuta. Lakini niliona akitupa jicho nyuma, na tangu siku hiyo hakukaribia ule ukingo.

Baba Mwende alikuja na mti mrefu wa kujengea kumtafuta mbuzi wake. Aliusukuma ndani mpaka ukaisha, haukugusa kitu. Akauachilia, akasimama pale mikono mitupu. Shule zilipofungwa aliwarudisha watoto Kitui. Tuliagana pale stendi, Mwende na mimi, tukilia kama tunazika.

Leo ukishuka kule utaona uwanda wa kijani, ulioshikamana kwa taka na udongo. Sehemu nyingine watu wamelima nduma, yale magimbi, na miwa. Kijana wangu, nilipomwonyesha, alisema, "Mathe, si hii ni shamba tu?" akarudi kwenye simu yake. Enzi zetu tulikuwa na ziwa na hatukuwa na simu. Sijui ni nani ameibiwa zaidi.

Mwezi uliopita nilizungumza na Mwende. Mvua imewakataa tena kwao, anafuata maji mbali akiwa na punda. Nikamtania, "Si urudi Nairobi?" Akacheka.

"Na yale maji yetu, Akinyi? Yalienda wapi?"

"Hayakuenda mahali," nikamwambia. "Yako tu huko chini. Watoto wanacheza mpira juu yake."