Sombe Mbele ya Koloseo

Mama alikubali kwenda Roma kwa sharti moja: tule pamoja. Picha tungepiga, makanisa tungeyaona, lakini kila siku tukae kitako, sote wanne, tule. Alilisema jikoni kwake Crescent Town, mtaa wa Toronto, na sisi wanawe watatu tukaitikia upesi, kama mtoto anayeahidi kunywa dawa kesho.

Alikuwa na sababu. Tangu tufike Toronto kutoka Bukavu, Kongo, tuliishi kwa zamu. Mimi, mkubwa, nilihudumia wazee usiku. Mdogo wangu wa kiume alikuwa barabarani na lori. Kitinda mimba wetu, dada yake, alifanya kazi kiwanda cha mikate, akirudi nyumbani mimi ndipo natoka. Mama alipika sufuria moja, nasi tukaila kwa mafungu, chakula kikipashwa moto mpaka kinachoka.

Lakini safari niliipanga mimi, na mimi nikipanga jambo sicheki na mtu. Kila tikiti ilikuwa na saa yake. Asubuhi Basilika la Mtakatifu Petro, mchana makumbusho, jioni ile chemchemi ambayo watu huitupia sarafu. Mama alitufuata, viatu vikimbana, akifanya ishara ya msalaba mbele ya kila sanamu, hata zile za wapagani. Mdogo wangu alikula amesimama kwenye foleni. Dada yake alisahau kula kabisa. Kila usiku mama aliuliza kama kesho tutakula, nami nikamjibu, "Kesho, mama."

Siku ya mwisho ilikuwa ya Koloseo, ule uwanja wa kale niliouota tangu shule ya msingi. Mama alitoka chumbani na mfuko mzito, nikadhani ni makoti. Tulipofika, foleni yetu inaanza kusogea, akaketi kwenye ukuta mfupi na kutoa sufuria iliyofungwa kwa taulo la mwenye nyumba tuliyopanga. Wali, kuku, na sombe, majani ya muhogo aliyoyapata sijui lini katika duka la Waafrika karibu na stesheni. Watalii wakageuza shingo.

"Mama, watafunga mlango!"

"Miye niko nakula hapa na batoto bangu," akasema. "Mwenye anataka kuingia, aingie."

Hasira zilinipanda. Nikamwambia tikiti hazibadilishwi, na Roma haturudi tena. Akaendelea kupanga sahani. Mdogo wangu akaketi, dada yake akaketi.

"Yaya, ikaa tu," mdogo wangu akaniambia. Ndivyo wanavyoniita, kwa kuwa mimi ni mkubwa wao.

Nikaketi nimenuna. Mama akafumba macho: "Mungu, aksanti, leo tuko bote."

Tulikula kwa mikono. Mdogo wangu akasimulia habari za dubu aliyemkuta kwenye kituo cha mafuta kaskazini mwa Ontario. Mama hakuwa amewahi kuzisikia, wala mimi, na tunalala nyumba moja. Dada yake akacheka mpaka sombe ikampanda puani. Askari alipita, akaitazama sufuria, mama akamnyooshea paja la kuku. Akatabasamu, akaenda zake. Saa ya tikiti ikapita, nami niliitazama ikipita. Kisha nikaomba niongezwe wali.

Koloseo sijaingia mpaka leo. Makanisa ya Roma yamechanganyika kichwani mwangu, lakini mchana ule naweza kukuambia nani alikaa wapi na nani alimaliza kuku. Naukumbuka mpaka moyo unauma.

Tuliporudi, zamu zikatudaka tena. Mdogo wangu akahamia Alberta, dada yake akaolewa Ottawa. Mama aliendelea kutuuliza ni lini tutakula tena pamoja, nasi tukamjibu kwamba kazi haziruhusu.

Tulikaa tena mbele ya chakula kimoja majira ya baridi yaliyopita, jikoni kwake, siku tuliyotoka kumzika. Watu wa kanisa walileta masufuria tele. Tulikula polepole, hakuna aliyetazama saa. Sote watatu tulikuwa tumeomba ruhusa kazini, na sote tulipewa siku ileile, bila swali. Kumbe ruhusa ilikuwa inapatikana.