Nilivyoachana na wetsuit nikahamia drysuit: mimi ndiye ninayesimama bwawani chini ya maporomoko, Marangu

Wakuu, poleni na majukumu. Nina furaha mpaka naona aibu, kwa hiyo mnivumilie.

Sina cha kuuza hapa na sijaongeza chumvi. Atakayebisha aje Marangu nimsimamishe pale ninaposimama mimi, halafu tuendelee na mjadala.

Naitwa Aika. Wazazi wangu wana kihamba cha ndizi na kahawa, na ng'ombe wawili wanaokula kuliko sisi. Nilianza kazi mlimani nikiwa mgumu, ndivyo tunavyoitana sisi tunaobeba mizigo ya wageni. Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni ndogo inayoshusha wageni kwa kamba kwenye maporomoko.

Kazi yangu iko hivi. Mgeni anashuka na kamba pembeni ya maji yanayoanguka, anatua kwenye bwawa, mimi nipo pale, maji kifuani. Namdaka, nafungua karabina, kile chuma kinachomfunga kwenye kamba, kisha namsukuma ukingoni.

Inaonekana kazi rahisi. Ila ukichelewa kuifungua hiyo karabina, mtu amefungwa na maji yanamshukia kichwani. Vidole vya mtu wa bwawani lazima vifanye kazi.

Sasa hayo maji. Mlioko Dar mkisikia maji ya baridi mnafikiria ya friji. Haya yanatoka juu mlimani na hayajapata nafasi ya kuona jua.

Boss wetu, Kaka Godlisten, alitununulia wetsuit sote, wageni na wafanyakazi. Ni nguo nene ya mpira inayobana mwili. Maji yanaingia kidogo, mwili unayapasha joto, yanabaki humo yanakutunza. Kwa mgeni ni safi kabisa, maana anakaa majini dakika kumi akilalamika sana, kisha anakwenda kunywa chai.

Mimi nakaa saa mbili, tatu. Tena nimesimama tu. Na yangu ilikuwa mtumba, imelegea mgongoni, kwa hiyo kila wimbi likija linayatoa maji niliyoyapasha na kuniletea mengine. Ni kama kuchemsha chai halafu kila ikikaribia mtu anakuongezea maji ya bombani.

Nilisema? Sikusema.

Hapa naomba niwaeleze ujinga wetu watu wa mlimani. Mgumu halalamiki baridi. Ukisema unasikia baridi, safari ijayo jina lako halisomwi. Nimekulia kwenye hiyo akili, kwa hiyo nikang'ata meno karibu mwaka mzima na nikawa najiona shujaa.

Mpaka siku alipokuja mama mmoja mgeni, mtu mzima, wa mwisho kushuka. Akatua vizuri, nikamdaka. Nikashika karabina nizungushe ifunguke, vidole vikagoma. Naviona ni vyangu lakini havinisikii. Yule mama maji yanampiga kichwani, ananiangalia, mimi nahangaika.

Elisante, kijana tunayefanya naye kazi ya kamba, aliruka kutoka ukingoni akamfungua. Mama akatoka anakohoa, na bado akanitabasamia. Nikaenda nyuma ya jiwe kulia.

Godlisten hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia, "Aika, Jumamosi ijayo tuna kundi kubwa. Utasimama mara moja zaidi. Ikishindikana nitamweka Elisante, wewe utahamia jikoni kuwapikia wageni."

Jikoni si pabaya, jamani. Mtori wangu watu wanalamba mpaka kijiko. Lakini lile bwawa nalipenda. Mtu anashuka amekufa kwa hofu, anatua mikononi mwangu, akisimama ni mtu mwingine. Sikuwa tayari kupoteza hiyo kazi kwa sababu ya vidole.

Nikaingia mtandaoni. Ndipo nikakutana na hii kitu inaitwa drysuit. Yenyewe hairuhusu maji kuingia kabisa. Shingoni na mikononi kuna mpira unaobana, miguuni imeungana na soksi zake, zipu imekaza kama mlango wa benki. Nikaangalia bei ya mpya, nikaufunga ule ukurasa taratibu.

Kesho yake nikashuka Moshi mjini kwenye mitumba. Siku mbili nachambua makoti. Siku ya pili, jioni, naiona inaning'inia kati ya makoti ya mvua. Moyo ulipiga mpaka nikaogopa muuzaji atausikia.

Muuzaji akanieleza kwa kujiamini kabisa kwamba ile ni nguo ya kupulizia dawa kwenye kahawa. Nikamwambia ndiyo, tena kwetu kahawa ina wadudu sana. Mungu anisamehe.

Nyumbani nikaikagua. Mpira wa mkono wa kushoto umepasuka, na inaonekana ina matundu sehemu sehemu. Nikawaza, nani Kilimanjaro hii anajua kutafuta tundu? Jibu likaja lenyewe: fundi pancha.

Nikaenda Himo kwa Mzee Aloyce, anayeziba matairi ya malori pale njia panda. Nikampa shikamoo, nikamtandikia nguo yangu chini. Hakucheka. Akafunga shingo na mikono kwa mipira, akaijaza upepo kidogo kidogo, ikavimba kama bwana harusi aliyeshiba. Madereva wakaacha malori yao wakaja kutazama.

Akapaka maji ya sabuni. Mapovu matatu. Akaziba matundu yote, kisha akakata tyubu ya baiskeli akaigandisha pale mkononi. Nilipomweleza ni ya kazi gani, akasema, "Mwanangu, mimi naziba upepo usitoke, wewe unataka maji yasiingie. Kazi ni ile ile."

Alhamisi tukaenda kuijaribu na Elisante, sehemu ya mto iliyotulia. Wakuu, nilifanya makosa mawili ya kipuuzi.

La kwanza, niliingia majini na upepo wote umo ndani. Upepo ukakimbilia miguuni, miguu ikapanda juu, kichwa kikaenda chini. Elisante alinivuta huku anacheka mpaka akakaa. Kumbe kabla ya kuingia unachuchumaa, unafungua mpira wa shingoni kwa kidole, upepo unatoka wote.

La pili ndilo kubwa. Ndani nilivaa tisheti na taiti tu, nikijua nguo yenyewe itanipa joto. Maji hayakuingia hata tone, na bado baada ya nusu saa nilikuwa natetemeka. Nikakaa kwenye jiwe nimekata tamaa kabisa. Jumamosi ni keshokutwa.

Elisante ndiye aliyeniuliza, tena kwa utani, kama kileleni huwa naenda na tisheti.

Wakuu, nilitaka kujipiga kofi. Miaka yote naeleza wageni mlimani: nguo ya ndani inayokausha jasho, sweta la manyoya juu yake, kisha koti la kuzuia upepo. Koti halina joto, koti ni mlango tu. Na hii drysuit ni mlango. Joto unakwenda nalo mwenyewe.

Jumamosi nikavaa nguo zangu zote za kileleni, drysuit juu. Zipu nikaipaka mshumaa ili iteleze. Chai sikunywa. Dada zangu mtanielewa, ukishaingia humo chooni huendi.

Wageni walikuwa kumi na wanne. Wa kwanza, wa pili, wa tano, nadaka, nafungua, nasukuma. Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili. Mikono ilikuwa wazi na baridi niliisikia, ila kifua kilikuwa cha moto, na damu ilikuwa inafika vidoleni. Nilianza kuimba mwenyewe pale majini.

Wa mwisho alikuwa jamaa mmoja mkubwa wa mwili. Karibu na chini akateleza, kamba ikamvuta mpaka katikati, palepale maji yanapoanguka yote. Akabaki ananing'inia, miguu haigusi chini, uso wake siuoni tena.

Nikaingia chini ya yale maji. Huoni kitu, husikii kitu. Nikamwinua kwa bega, nikamshika kifuani, nikapapasa mpaka nikaipata karabina. Nikazungusha.

Ikafunguka.

Vidole vyangu vilinisikia, wakuu. Naandika hapa na machozi yananilenga. Nikamtoa mpaka ukingoni, akakohoa, akatapika maji kidogo, kisha akaanza kucheka na kunikumbatia.

Godlisten alikuwa ameona yote kutoka juu. Akashuka mbio, akaingia bwawani na wetsuit yake tuitoe ile kamba iliyonasa. Ilituchukua kama robo saa. Nikasikia kitu kinagongana, nikageuka: ni meno yake.

Akaniuliza, "Umekuwa ukisimama hapa hivi mwaka mzima?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniita tena?"

Alishika kamba akaendelea kuivuta huku anatetemeka, na mimi sikumwambia atoke.

Jumatatu akanipigia simu akitaka vipimo vyangu, urefu, mabega na namba ya kiatu. Ameagiza drysuit mpya. Na Elisante amepangiwa kujifunza kazi ya bwawani, mwalimu wake ni mimi.

Sasa, msinielewe vibaya. Sisemi wetsuit ni mbaya. Kama unaogelea, unapita, unachezacheza na kutoka, chukua wetsuit inayokubana sawasawa, utaenda nayo vizuri. Drysuit ni nzito, ikichanika inajaa maji, na inataka mazoezi. Na ile tyubu ya baiskeli msiige, niliitumia kwa sababu ya shida tu.

Ila mwaka mzima nilijiona mwanamke dhaifu asiyeiweza kazi. Kumbe nilikuwa nimevaa nguo ya mtu anayepita, na mimi ni wa kukaa.

Mliowahi kutumia drysuit, wazamiaji wa Zanzibar na Mafia na wengine, nielekezeni namna ya kutunza ule mpira wa shingoni usikauke. Na wewe unayeng'ata meno kazini muda huu ukijiita mgumu, andika hapa chini ni baridi gani hujaisema.