Ozella Stribling na Mvua ya Ijumaa

Mwaka wa nne mfululizo pamba ya Texas ilikuwa inakauka shambani, na mji mzima wa Cotter ulikuwa unaomba mvua. Ozella Stribling peke yake ndiye aliyeomba kwa masharti.

"Bwana, ilete," alisema kanisani Jumatano, kila mtu akimsikia, "ila Ijumaa hapana. Jumamosi hata ukitaka kutuzamisha."

Shingo zikageuka. Shemasi Hoyt akakohoa. "Dada Ozella, unampangia Mungu ratiba?"

"Namkumbusha tu. Ijumaa kuna mechi."

Kikohozi hakikumtisha. Enzi za usichana wake, kuongoza shangwe uwanjani ilikuwa kazi ya wavulana. Msichana akipaza sauti, aliambiwa ataota ndevu. Vita vikawachukua wavulana, Ozella akaokota pembe yao ya bati ya kupigia kelele. Waliporudi, Hoyt akiwa mbele yao, wakaidai. Akawaambia wajaribu kumpokonya. Hakuna aliyejaribu.

Sasa alifundisha wasichana wanane wa shule. Wiki sita alikata karatasi laini za buluu mpaka vidole vikavimba, akafunga kwenye vijiti mashada kumi na sita ya kutikisa. Karatasi zenyewe zikipata tone moja tu, rangi inachuruzika. Na Hoyt, mwenyekiti wa bodi ya shule, alishasema: mashada yakiharibika hakuna mengine, wavulana watarudishiwa kazi yao.

Ijumaa, robo ya tatu ya mechi ya shule ya futiboli ya Kimarekani, mvua ikashuka kama imetumwa.

"Mama Ozella, tukimbilie chini ya jukwaa?" aliuliza Nelda, mkubwa wa wasichana.

Ozella akatazama juu jukwaani. Wakulima wamevua kofia, vinywa wazi, wanalowa. Mpira hakuna aliyeutazama. Walitaka kupiga kelele, hawakujua waanzie wapi.

"Nani kawafukuza? Tikiseni!"

Wakatikisa. Buluu ikaruka kwenye sweta nyeupe, kwenye nyuso, kwenye shati la Hoyt aliyekuwa akishuka ngazi kwa hasira. Jukwaa likalipuka kwa shangwe.

"Yamekwisha!" Hoyt akafoka. "Bodi ilisema nini?"

"Nakumbuka. Panda ukawanyamazishe hawa kwanza."

Hoyt akageuka. Watu mia nane walikuwa wakiitikia kwa makofi na kelele wasichana walioshika vijiti vitupu. Akafungua kinywa ajibu, ikamtoka shangwe.

"Umechelewa makofi mawili, Shemasi," Ozella akamwambia. "Anza upya."