Jicho Nililomficha Mtahini

Kipande cha chuma kiliniingia jicho la kushoto katika karakana ya reli, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kwa nje jicho lilipona, ila likabaki linaona mwanga tu. Sikumwambia mtu. Mtihani wa mkanda mweusi wa karate ya Shotokan ulikuwa umekaribia, na vijana wa Maseno walikuwa wananisubiri nikawafundishe. Nani angempa mwenye chongo darasa?

Katika karate yetu ngumi inakwenda kwa nguvu zote, halafu inasimama mbele ya ngozi ya mwenzako bila kumgusa. Jicho moja halipimi umbali. Nyumbani nilikuwa namimina chai nje ya kikombe, mke wangu akiniuliza nimeanza lini kulewa. Basi nikabuni ujanja: nasogeza mguu hadi kidole gumba kiguse cha mwenzangu, ndipo najua uso wake uko wapi.

Mwenzangu huyo alikuwa karani wa ghala, mtu wa Pap Onditi. Tulianza mazoezi siku ileile, na mtihani tuliufanya pamoja.

Mtahini, Mjapani mkavu asiyecheka, alikuja kutoka Nairobi. Tuliposimama ana kwa ana nikasogeza kidole. Akaona. Akausukuma mguu wangu nyuma, akaniashiria nishambulie kutoka hapo.

Uso wa rafiki yangu ulikuwa kama picha iliyobandikwa ukutani. Ngumi ya kwanza niliizuia mapema mno. Mtahini akaweka vidole vitatu katikati ya ngumi na pua, akatikisa kichwa. Ya pili, vidole viwili. Akakunja uso, akainua kidole kimoja: mara ya mwisho.

"Omera, leo uko na nini?" rafiki yangu akanong'ona, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Piga tu. Mimi nakuamini."

Afadhali angenitukana. Ningeweza kuinua mkono niseme jicho halioni. Yalikuwa maneno mawili tu. Nikawaza Maseno. Nikapiga.

Nilisikia pua ikivunjika. Damu ilimwagika mpaka kwenye vazi lake jeupe. Mtahini akauliza kilichotokea, nami nikafungua mdomo, hofu ikaufunga.

"Makosa ni yangu," rafiki yangu akasema, ameshika pua. "Nimesogea mbele."

Nilipewa mkanda. Yeye akaangushwa mtihani, kwa kuwa anayesogea bila kuamriwa hana nidhamu.

Kesho yake nilikwenda kumwona, nikijua amenisitiri kwa uongo na sasa atataka kujua sababu. Alikuwa ameketi mlangoni kwake na bandeji usoni.

"Pole sana, bwana," akaniambia. "Karibu nikuharibie mtihani. Hata sikusikia miguu yangu ikisogea."

Hakuwa amedanganya. Aliiamini ngumi yangu kuliko miguu yake mwenyewe.

"Si neno," nikamwambia.