Anayehesabu Hajibu Salamu

Rika langu, fundi wa umri wangu, hajibu salamu akiwa anahesabu. Niligundua hilo wiki ile niliyorudi kutoka Uarabuni, nilipofika mlangoni pa karakana yake hapa Ishiara na viatu vipya, mkono nimeunyosha.

"Habari ya siku nyingi!" nikasema.

Akaendelea kuzungusha mpini wa kijimashine chake cha mbao, waya wa shaba ukijiviringisha, midomo yake ikicheza bila sauti. Nikaurudisha mkono mfukoni, nikaenda zangu. Kwetu Mbeere, mtu asiyeitikia salamu ana neno na wewe. Niliamua kwamba ananionea wivu. Haikuchukua mwezi nikajua mwenye wivu ni mimi.

Na sikuwa mtu wa kumwonea mwenzake wivu. Diploma yangu ya umeme nilijisomesha mwenyewe, nikiponda kokoto mchana na kusoma jioni. Miaka tisa nilitunza mota za viyoyozi katika hoteli ambazo wengi hapa wameziona kwenye simu tu. Karakana yangu niliijenga bila harambee ya mtu: sakafu ya simenti, cheti ndani ya fremu, benchi la wateja. Rika langu aliachia shule kidato cha pili. Sakafu yake ni vumbi.

Kazi yetu ni moja. Mota ikiungua, tunatoa waya wa zamani na kuweka mpya. Kila koili, yaani kitita cha waya ulioviringishwa, ina idadi yake ya mizunguko, na ukikosea miwili mitatu, mota itanguruma, itapata joto, kisha itaungua tena. Huwezi kuhesabu huku unaulizwa habari za nyumbani. Hilo nalielewa. Kilichoniuma si kwamba yeye hajibu, ni kwamba watu wamemkubalia. Nimemwona chifu amesimama pale, kofia mkononi, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Tena hafanani na fundi yeyote ninayemjua. Anatumia mkono wa kushoto. Shuleni alichapwa kwa ajili ya mkono huo mpaka mwalimu akachoka. Ile mashine ameichonga mwenyewe, mpini uko kushoto, na hakuna mwingine anayeiweza. Hana redio. Saa saba anakula githeri yake, mahindi na maharagwe, ameelekea ukuta, anatafuna taratibu, ametulia kama mtu aliye na wageni anaowapenda.

Mimi sijui kukaa hivyo. Uarabuni tulilala wanane chumba kimoja, na hata msalani mtu alikuwa akigonga. Niliporudi niliajiri mafundi wawili. Nikisema kweli, mmoja angetosha. Wa pili ni wa mazungumzo.

Kuna mama mmoja mwenye vinu vitatu vya kusagia mahindi, mteja ambaye kila fundi hapa anamtamani. Siku moja alikunywa chai yangu, akasikiliza habari zangu zote za Uarabuni, kisha akainuka na kubeba mota yake kuelekea kwa rika langu, ng'ambo ya barabara.

"Mama, na mimi je?" nikamwuliza.

"Injinia, kwako stori ni tamu na chai iko. Lakini mimi nataka kinu kisage."

Mafundi wangu walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao, na usiku huo sikula.

Baadaye nafasi ilikuja. Mota ya kinu chake kikubwa iliungua wakati rika langu ana kazi za watu wengi mbele yake. Mama akaniletea. "Nakupatia hii moja," akasema. "Ikikaa, hata zile zingine ni zako."

Niliamua kuifanya kama yeye. Niliwapa mafundi mapumziko, nikazima redio, nikarudisha mlango, nikageukia ukuta. Koili ya kwanza ilienda vizuri, na ya pili pia. Kisha nikasikia watu wawili nje.

"Hodi, injinia!"

Sikujibu. Nilikuwa nimefika thelathini na kitu. Mkono uliendelea kuzungusha, lakini masikio yalikuwa yametoka nje. Nilitaka kusikia kama nao watasimama, kama watavua kofia.

"Huyu naye ameanza kuringa?"

"Kuringa wapi? Yule wa ng'ambo ndiye anahesabu. Huyu amelala."

Wakaenda wakicheka. Nilitazama waya. Thelathini na nane? Arobaini na moja? Mwenye diploma angeufungua waya ule na kuanza upya, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote Ishiara. Lakini nilikuwa na hasira. Nikakisia, nikaendelea.

Mota iliwaka, ikasaga siku nzima, nami nikatembea sokoni kifua mbele. Siku ya pili mama alinipigia simu. "Injinia, njoo. Mota yako inanukia nyama ya kuchoma, na watu wamepanga foleni na mahindi yao."

Niliipakia kwenye mkokoteni, nikavuka barabara mchana, kila mtu akiniona. Rika langu alikuwa amenipa mgongo, anahesabu.

"Habari yako," nikasema.

Akaendelea kuzungusha. Safari hii sikuondoka. Nilisimama pale kwenye vumbi, mikono imenining'inia, nikiangalia bega lake la kushoto likipanda na kushuka. Hatimaye alifunga koili kwa uzi, akaandika nambari kwa chaki ukutani, akageuka.

"Nzuri sana, rika," akasema, kana kwamba nimeuliza sasa hivi. "Karibu."

Aliifungua mota, akazikata koili zangu zilizoungua, akazihesabu nyaya moja moja kwa kucha. "Hii iko sawa. Hii iko sawa. Hii ina upungufu wa mizunguko mitatu." Akaniangalia. "Ulikuwa unahesabu, ama ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Hakucheka. Heri angecheka. Alisukuma debe kwa mguu. "Kaa. Lakini usiongee."

Nikakaa. Mama wa vinu alifika jioni. "Habari zenu, mafundi?" Rika langu alikuwa katikati ya koili. Mimi sikuwa nahesabu chochote, lakini sikujibu. Mama akatua kiondo chake chini, akangoja, na kwa muda ule mfupi nilijua utamu wa kungojwa ulivyo, ingawa kimya alichokuwa akikiheshimu hakikuwa changu.